Santuri Tatu za Miraji

Bendi ya Alfajiri Jazz ilipokaribia kutimiza miaka kumi na tano, mwaka wa sabini na moja, ilikuwa haina wimbo hata mmoja mpya. Wanamuziki wenyewe walilijua hilo, na wachezaji dansi walilijua zaidi, maana walishakariri wapi tarumbeta litapanda na wapi mwimbaji atafuta jasho. Lakini hapana aliyelisema. Bendi iliyowahi kuvuka bahari ikapiga Tanga na Dar es Salaam, watu wakapita madirishani ili waione, haiambiwi usoni kwamba imekauka.

Aliyelisema mwishowe ni Mjaka, kiongozi wao na mpiga tarumbeta, naye hakulisema mbele ya watu. Siku moja baada ya mazoezi alimshika mkono Simai, mpiga saksafoni, akamtoa hadi barazani pa ukumbi wao kule Miembeni.

"Nnazitaka nyimbo za Miraji," alisema.

Simai alidhani hakusikia vyema. "Miraji yupi?"

"Wako wangapi? Zile alizokwenda kupiga Nairobi alipotuacha. Santuri tatu. Wewe unazo, usinambie huna. Zisikilize, chagua mbili tatu zenye uhai, zishike kwa saksafoni, halafu utufundishe sisi wengine. Siku ya sherehe tuzipige."

"Lakini Mjaka, sisi tulisema..."

"Tulisema mengi." Mjaka alitema mate pembeni. "Tulipokuwa na za kupiga."

Simai alirudi kwake Kikwajuni kwa miguu. Kazi aliyopewa haikuwa ngumu. Kilichomtisha ni jambo ambalo hata Mjaka hakulijua, na ambalo yeye alikuwa amelificha kwa miaka minne.

Miraji alikuwa mpiga gitaa wa Alfajiri tangu bendi inaanza, na nyimbo zote zilizoipa jina zilitoka vidoleni mwake. Yeye na Simai waliingia mwezi mmoja, wakapanga chumba kimoja, na katika siku za dhiki walivaa suruali moja kwa zamu. Baada ya Mapinduzi, ukumbi ulipofunguliwa tena na watu wakarudi kucheza, Mjaka alitaka rumba za Kikongo zipigwe kama zinavyosikika redioni, zisiongezwe wala zisipunguzwe. Miraji alitaka mengine. Alikuwa na namna yake ya kupiga: gitaa lilichelewa kidogo nyuma ya dramu, likaja pale sikio liliposhakata tamaa. Mjaka akamwambia kama anataka kuchelewa akachelewe kwao. Ugomvi ukaenda ukirudi, hata mwaka wa sitini na sita Miraji akalifunga gitaa lake kwenye shuka na kuaga. Kabla ya kuondoka alimwendea Simai.

"Twende sote," alimwambia. "Kuna Mhindi mmoja Nairobi ana duka la santuri na mashine ya kurekodia. Kila nnapokaa na gitaa, saksafoni yako ndiyo nnayoisikia kichwani."

Simai alimwambia kwamba mkewe ana mimba. Ilikuwa kweli, Mwanakheir alikuwa na mimba, lakini si hiyo iliyomzuia. Aliogopa. Mtu wa Alfajiri akipita njiani alisalimiwa kwa jina la bendi, akapishwa foleni, akapewa kiti; akitoka huko angekuwa Simai tu, karani wa bandarini. Na miezi ilipopita, Miraji aliposhuka melini na santuri ya kwanza kwapani, akicheka mwenyewe kama mtu aliyeoa, hofu ile ya Simai ikageuka ikawa kitu kingine, chenye meno.

Wakati huo Simai alikuwa akiandika gazetini. Lilikuwa gazeti dogo la kila Ijumaa, *Mapambazuko*, lenye ofisi yake ya chumba kimoja Mkunazini. Mhariri wake, Mmanga, alikuwa amempa kona ya muziki, na kona hiyo haikutiwa jina la mwandishi. Iliitwa "Sikio la Mji". Sikio hilo ni la nani, alilijua Mmanga peke yake.

Santuri ya kwanza ilipofika mezani, Sikio la Mji liliandika: "Gitaa la Bwana Miraji linachechemea kama punda aliyekanyaga msumari. Dramu imeshafika nyumbani, imekoga, imekula. Sisi tuko njiani tunamngoja punda." Ya pili ilipotoka mwaka uliofuata, liliandika kwa ufupi zaidi: "Punda bado hajapona."

Watu walicheka. Maneno yale yalitoka gazetini yakaingia barazani, na kutoka barazani yakamwagika mitaani. Miraji akawa Punda Kiguru. Vijana walimfuata Darajani wakichechemea nyuma yake. Wenye maduka wakaona haya kuziweka santuri zake mbele, wakazitia nyuma, kisha wakazirudisha. Alipopata mwaliko wa kupiga harusini, mtu mmoja wa kundi la bwana harusi alilia kama punda kabla hata hajakaza nyuzi, na ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mwaka wa sitini na tisa ikatoka santuri ya tatu. Humo gitaa lilikuwa limenyooka, limeandamana na dramu bega kwa bega. Na Sikio la Mji likaisifu: "Hatimaye Bwana Miraji amejirekebisha. Hivi ndivyo gitaa linavyopigwa." Siku aliyoyaandika hayo Simai alijiona mtu mwema, mtu asiyeweka kinyongo. Mwezi uliofuata akasikia Miraji amehama mji, amekwenda Chwaka kwa wakwe zake.

Hayo ndiyo aliyokuwa nayo kifuani alipoinama kuvuta sanduku la bati chini ya kitanda. Santuri zote tatu zilikuwamo, chini ya nguo za mtoto zisizomtosha tena.

Kesho yake, alipotoka kazini, aliweka gramafoni juu ya meza karibu na dirisha la uani, akaanza na ile ya tatu, maana ndiyo aliyoikumbuka kwa uzuri. Kila noti ilikuwa mahali pake. Aliishika saksafoni akaifuata, na mara ya pili tu alikuwa ameshaiweza. Akairudia mara ya tatu, akingojea kile kilichomfurahisha zamani. Hakikuja. Wimbo ulikuwa hauna kosa, wala haukuwa na mtu ndani yake. Ulikuwa kama nyumba iliyofagiliwa wenyewe walipokuwa wakihama. Akaiondoa sindano kabla santuri haijesha, akaiweka ya kwanza.

Hii aliiona itakuwa kazi ya nusu saa. Alimngoja Miraji aingie ili aingie naye, akajikuta ametangulia. Akarudisha sindano. Akatangulia tena. Alihesabu kwa mguu, akahesabu kwa kichwa, akafumba macho. Kila alipoingia gitaa lilikuwa bado, na kila alipojizuia gitaa lilikuwa limeshapita. Siku hiyo ikaisha hivyo. Siku ya pili nayo ikaisha hivyo. Mtu aliyepiga saksafoni miaka kumi na tano, aliyepigiwa makofi Dar es Salaam mpaka akaona haya, alikaa na singlendi iliyorowa jasho akishindwa kumfuata punda kiguru.

Siku ya tatu aliiacha saksafoni mezani, akasikiliza tu. Hapo ndipo alipogundua kwamba gitaa halikuwa likipotea. Lilichelewa kipimo kile kile, ubeti hadi ubeti, kama mtu anayejua hasa anachongojea. Na kwenye santuri ya pili, ile aliyoitupia sentensi moja, uchelewaji ule uliongezeka unywele kwa unywele kila ubeti, mpaka sikio likaona sasa wimbo utavunjika. Na pale ulipokuwa uvunjike, dramu na gitaa vikakutana kwa pigo moja, pwa, nywele za mikono ya Simai zikasimama. Alikuwa ameisikia santuri hiyo mwaka wa sitini na nane kutoka mwanzo hadi mwisho. Au aliandika kama aliyeisikia.

Uani, Mwanakheir alikuwa amekaa kwenye mkeka akichagua mchele wa foleni ya mgao, ule wenye mawe mengi kuliko chembe. Simai alipotupa jicho alimwona mkono mmoja unachagua, na mwingine unagonga ukingo wa ungo. Ulikuwa unaligonga lile gitaa. Haukutangulia wala haukukosea.

"Unafanyaje?" Simai aliuliza, akatoka mlangoni.

"Nafanya nini?"

"Huo mkono. Nani alikufundisha?"

Mwanakheir aliutazama mkono wake kana kwamba si wake. Alikuwa mtu wa Uroa, jirani na Chwaka. Mji aliuingia kwa kuolewa. "Si makumbi hayo?" alisema. "Wanawake wa kwetu wakikaa pwani kupiga makumbi ya nazi ya kusokotea kamba, si ndivyo yanavyolia? Wa kwanza anashusha gongo, wa pili anafuata, na wa mwisho hungojea wenzake wainue mikono ndipo apige. Ukipiga pamoja nao unachoka upesi. Na mbona Miraji kila mtu anajua kalelewa Chwaka na bibi yake, pale pale kwenye makumbi. Hata mke kaja kuoa huko huko."

"Uliyajua haya siku zote?"

"Tangu ya kwanza."

"Hukunambia."

"Uliniuliza?" Mwanakheir aliokota jiwe, akalitupa. "Ulikuwa ukicheka na gazeti lako."

Simai akasema kwa sauti ya chini, "Gazeti langu lipi?"

"Simai, we mume wangu. Nnakaa na mtu miaka yote hii, nnamwona anaandika kwenye meza hiyo, halafu Ijumaa nnasoma maneno ya mdomo wake mwenyewe. Unanionaje?" Hakupandisha sauti. Aliendelea na mchele wake. "Nlikuwa nikingojea siku utakayoona haya. Nkachoka kungojea."

Jumapili Simai akapanda gari la Chwaka.

Nyumba ya Miraji alionyeshwa mara moja. Mlangoni alikuwapo Tabia, mke wa Miraji, mwanamke mrefu ambaye siku za mjini alikuwa akiwapikia wote wawili. Alimtambua, akamkaribisha, akamtandikia jamvi. Lakini hakumuuliza habari za Mwanakheir wala za mtoto, na kwa mtu wa huko hilo si jambo la kusahau.

Miraji akaja kutoka nyuma ya nyumba. Alikuwa akichoma chokaa sasa. Vumbi jeupe lilikuwa limemganda kwenye nyusi, na vidole vyake, vile vidole, vilikuwa vimepasuka kila kiungo kama udongo wa kiangazi. Aliketi mbele ya Simai, wakaulizana hali, na kwa kitambo wakazungumza habari za foleni na nyumba za mtaa wa Ng'ambo zinazovunjwa. Kisha Simai akaleta ujumbe wa Mjaka. Bendi inatimiza miaka kumi na tano, wanaomba ruhusa kupiga nyimbo zake.

"Zipi?" Miraji aliuliza.

"Za santuri ya kwanza na ya pili."

Miraji akainua uso. "Na ya tatu je?"

"Ya tatu..." Simai alitafuta neno la adabu, asilipate. "Ya tatu haina kitu, Miraji."

Miraji alicheka, kicheko kikavu kilichomtoa vumbi mashavuni. "Tabia! Umesikia? Njoo usikie. Ya tatu haina kitu." Kisha akamgeukia mgeni wake. "Na wewe ulivyoisifu!"

Simai aliuliza, "Nani aliyekwambia?"

"Nani wa kunambia? Hilo neno kuchechemea, si ulikuwa ukinitania nalo chumbani kwetu kabla hatujaoa? 'Miraji, gitaa lako linachechemea, lipe mkongojo.' Tulikuwa tukicheka sote. Nlipolisoma gazetini nlikujua hapo hapo."

"Na hukunifuata."

"Nlikungojea uje wewe." Miraji alikuwa akikwangua chokaa iliyokauka kwenye kiganja, taratibu. "Ya kwanza nkasema, haya, kakasirika kwa kuwa nimeondoka, hasira zikimwisha atakuja tuyamalize. Hukuja. Ya pili nkasema, pengine anayosema ni kweli. Maana wewe ndiye uliyekuwa na sikio, Simai. Mimi nlikuwa na vidole tu. Tangu zamani nkipiga kitu nlikuwa nikikutazama wewe usoni nijue kama kimekaa. Basi nkarudi Nairobi mara ya tatu, nkalinyoosha. Yule mpiga dramu akaniuliza, bwana, leo mbona umepotea? Nkamwambia leo ndo nmeiona njia. Nlirekodi santuri nzima kwa ajili ya mtu mmoja, nkasema akiisikia atajua kwamba nmemsikia, na kwamba nimeumia, atasema basi, Miraji, rudi ulivyokuwa."

Akapukuta kiganja.

"Wewe ukaisifu. Siku nlipoisoma ile sifa ndipo nlipojua hukuwa umesikiliza hata siku moja. Matusi nliyaweza. Ile sifa sikuiweza. Gitaa nkaliuza wiki ile ile."

Simai alitaka kusema jambo la mimba ya Mwanakheir, na la hofu, na la ile siku Miraji aliposhuka melini akicheka. Yote yalimjia kinywani na yote yakanuka. "Nisamehe," alisema.

"Nshakusamehe. Msamaha ni kitu chepesi, chukua. Lakini usije ukanambia kwamba ni nzuri. Hilo nlilitaka wakati ule. Sasa halina pa kukaa."

Tabia alikuwa amesimama mlangoni na birika la kahawa mkononi, hajammiminia mtu. "Yeye kakusamehe, na ni haki yake," alisema. "Mimi nna langu. Yale maneno uliyamwaga sokoni, Bwana Simai. Sasa unakuja kuyazoa uvunguni, hapana mtu anayekuona. Mimi nlikuwa nikipita na mume wangu Darajani watu wazima wanachechemea. Kama una haya kweli, andika. Tia jina lako. Sema yule alikuwa ni wewe na sababu ilikuwa hii."

"Ntaandika," Simai alisema. "Wallahi ntaandika."

"Tutasoma," alijibu Tabia, na ndipo alipommiminia kahawa.

Kuhusu nyimbo, Miraji alisema wapige tu, wimbo ukishatoka hautiwi kamba. "Lakini hamtaweza," aliongeza, na hakulisema kwa kiburi.

Simai aliiandika makala yake kwa siku nne. Hakuwahi kuandika kitu kizuri kama hicho maishani mwake. Alieleza santuri ya kwanza ubeti kwa ubeti. Akaeleza makumbi ya Chwaka, na gongo la mwisho linalongojea. Akaeleza jinsi ya pili inavyokaribia kuvunjika na isivunjike. Akasema ya tatu, ambayo mji uliipenda, ni maiti iliyovishwa nguo za Idi. Na mwisho akaandika: "Aliyemwita mtu huyu punda ni mimi. Sikio la Mji lilikuwa sikio langu. Nilimwonea wivu rafiki yangu, na nikaufanya wivu huo kuwa hukumu." Juu yake akaandika jina lake kamili, Simai Kheri Vuai.

Mmanga aliisoma kwa uangalifu, miwani ikimteremka puani. Alipofika mwisho alichukua kalamu, akalikata fungu la mwisho kwa mstari mmoja.

"Hili halitoki."

"Hilo ndilo lenyewe, Mmanga."

"Makala imekamilika bila ya hilo. Ni makala nzuri mno. Lakini gazeti haliwezi kuwaambia watu kwamba lilimfanyia mtu masihara miaka mitatu kwa sababu mwandishi wake ana wivu. Kesho wataniuliza, na mengine mliyoandika? Na yale nayo yalikuwa wivu wa nani?" Akamtazama kwa upole, kama daktari. "Fikiri na wewe mwenyewe. Una kazi ya serikali, una mtoto. Mtu kumsifu Miraji leo inatosha. Kuna haja gani ya kujivua nguo?"

Simai angeweza kuinyakua karatasi yake na kuondoka. Alilijua hilo pale pale kitini, na miaka mingi baadaye alipojaribu kujidanganya kwamba alilazimishwa, hakufaulu, maana alikumbuka vizuri kile alichohisi kalamu ilipopita. Alihisi nafuu. Alibisha maneno mawili zaidi, ya kutimiza wajibu, kisha akasema, "Haya, wewe ndiye mhariri."

Makala ikatoka Ijumaa, na Simai akawa mtu mashuhuri. Walimsimamisha njiani. Bandarini mkubwa wake alimwita ofisini kumpa mkono. "Kumbe kuna mtu mwenye masikio mji huu!" walisema. "Sisi tulimcheka yule bwana, wewe peke yako ndiye uliyemwelewa." Mzee mmoja wa mtaa wa Malindi alimwambia kwamba yeye tangu zamani alimpenda Miraji, na Sikio la Mji lile lilikuwa jitu la husuda, bora siku hizi haliandiki tena. Simai akaitikia kwa kichwa. Watu wakazitafuta zile santuri madukani na hazikuwapo. Zilikuwa zimesharudishwa, au zimepasuka. Waliokuwa nazo wakazifungia kabatini.

Nyumbani Mwanakheir aliisoma makala yote, akaikunja, akamrudishia. "Imeishia hapa?" aliuliza, na hakungoja jibu.

Kisha likaja bugi la sherehe, dansi la Jumapili alasiri, ukumbi wa Miembeni umejaa mpaka kwenye ngazi. Simai alikuwa amewafundisha wenzake wiki tatu, na kwa wiki tatu walikuwa wakitangulia. Mpiga dramu alisema wimbo huu una ugonjwa. Mjaka akasema basi, tunaunyoosha, watu wanakuja kucheza si kusali. Walipoanza kuupiga ule wa santuri ya pili, Simai alijaribu peke yake. Alijizuia, akangoja, akaingia nyuma yao kama alivyojifunza kule dirishani. Ubeti mmoja mzima akaushika. Bendi ikayumba, wachezaji wakakanyagana, mwanamke mmoja akacheka, na Mjaka akageuka na tarumbeta mdomoni, akamtolea macho.

Ubeti wa pili Simai akanyooka.

Watu walipiga makofi hata vumbi la dari likaanguka. Wakautaka tena, ukapigwa tena, umenyooka kama reli. Wakati wa kutoka, kijana mmoja wa mjini alikuwa akimweleza mwenziwe mlangoni kwamba wimbo ule asili yake ni wa Alfajiri, na kwamba yule Miraji aliwaiga hawa akaenda kuuharibu Nairobi.

Kesho yake Simai aliomba ruhusa kazini, akapanda gari la Chwaka, gazeti limo mfukoni. Angeweza kulituma kwa mtu. Lakini alikuwa ameahidi, na moyoni alikuwa akitumaini, haya iliyoje, kwamba ubora wa makala yenyewe utafunika kilichokosekana.

Miraji alikuwa kwenye tanuri, akipanga mawe juu ya magogo. Tabia alikuwa akimpokeza makapu. Simai akasalimu, akatoa gazeti, na kwa kuwa mikono ya Miraji ilikuwa na chokaa, Tabia ndiye aliyelipokea. Akafuta mikono kwenye kanga, akasoma kwa sauti, amesimama, bila ya kuruka neno. Alisoma habari za makumbi, na sauti yake ikalegea kidogo pale. Alisoma habari za wimbo unaokaribia kuvunjika. Miraji hakuacha kupanga mawe, ila mawe aliyapanga polepole zaidi.

Tabia alifika mwisho. Akaugeuza ukurasa kutazama upande wa pili, kulikokuwa na tangazo la mkutano na saa za meli. Akaurudisha.

"Ndo mwisho," alisema.

"Jina lake lipo?" aliuliza Miraji.

"Lipo. Juu, kwa herufi kubwa."

"Na la yule mwingine, lile Sikio?"

Tabia akamtazama Simai. Simai akafungua mdomo amtaje Mmanga, ataje kalamu na ule mstari mmoja, akaufunga.

"Halimo," alisema Tabia.

Miraji akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo tayari anaijua. Akainama, akajitwika kapu, akalimwaga juu ya tanuri, mawe yakaporomoka kwa kishindo. "Gari la saa nane ndilo la mwisho leo," alisema bila ya kugeuka. "Usilikose."

Tabia alilikunja gazeti mara nne, akampa mkononi. Simai alisimama kidogo, akatazama makapu yaliyobaki, akanyoosha mkono achukue moja awasaidie. Tabia akalivuta upande wake. Basi akawaaga, nao wakamwitikia kwa adabu, na akaanza kushuka njia ya mchanga kuelekea kwenye kituo cha gari.